Kiti cha Msiri na karatasi ya Serkali: usheferi unatoka wapi?

Kila mara tunapofungua simu redioni ili tuongee mambo ya mashefu wa kimila, hazipiti dakika kumi mtu hajapiga na kusema: "Ule si wa damu." Mwingine anamfuata: "Hata kama ni wa damu, babu yake hakuzaliwa hapa." Wa tatu anauliza: basi mwenye udongo ni nani? Siku hiyo simu zinakuwa mingi kushinda siku ya mpira.

Hapa Likasi maneno haya si ya zamani tu. Tangu sheria ya migodi ilipobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, asilimia 15 ya redevansi ya migodi inapaswa kwenda kwa mji, komini, sekta ao sheferi ambamo mgodi unapatikana. Sheferi iko katika hesabu hiyo, grupema haiko. Kwa hiyo kujua nani anakalia kiti ni kujua pia nani anaweka sahihi kwenye makaratasi ya franga. Ndiyo sababu nimeona tupitie historia ya ukoo mmoja wa kifalme ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu: Bayeke wa Bunkeya.

Mwanzilishi wao hakuwa mtu wa hapa, na Bayeke wenyewe hawafichi. Msiri, jina lake Ngelengwa Mwenda, alitoka kwa Basumbwa, upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara, alikuja mbele yake kutafuta shaba. Jina Bayeke lenyewe linatoka kwa chama cha wawindaji wa tembo kule kwao. Karibu katikati ya karne ya 19 Msiri alikuja kwa njia ile ile ya baba yake, lakini yeye hakurudi.

Aliwakuta hapa Basanga na Balamba, na mashefu wao, na mafundi wao waliokuwa wakiyeyusha shaba miaka na miaka. Msiri alikuwa na bunduki. Basanga walikuwa wakisumbuliwa na mashambulizi ya Baluba, na bunduki za Bayeke ziliwasaidia kuyasukuma nyuma. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alipona kweli, halafu akatawaliwa.

Utawala wake aliujenga kwa biashara. Misafara yake ilifika mashariki kwa wafanyabiashara wa pwani ya Zanzibar, na magharibi mpaka Benguela, Angola. Ilibeba shaba, chumvi, pembe za tembo, na watumwa pia, jambo ambalo tusiliruke. Ilirudi na bunduki, baruti na vitambaa. Ndoa nazo zilikuwa kazi ya siasa: alioa mamia ya wanawake kutoka kwa mashefu aliowashinda, na baadhi yao walisimamia mambo ya maeneo waliyotoka. Maria de Fonseca, mwenye damu ya Kireno, alimsaidia kushika njia ya Angola. Mmisionari Frederick Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886 alikuta mji mkubwa, na mafuvu ya vichwa vya watu yamewekwa wazi ili kila mtu aone na aogope.

Lakini woga haukai milele. Mauaji ya mwanamke mmoja Msanga, Masengo, yaliwasha moto, na Basanga wakaasi. Ilipofika 1891 njia zilifungwa, Bunkeya ikawa na njaa, na ufalme ulikuwa tayari unayumba. Hili tunalisahau mara nyingi tunaposimulia kwamba Mzungu mmoja ndiye aliyeuangusha kwa risasi.

Wazungu wenyewe walikuja kwa mashindano. Mwezi wa Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alitaka Msiri aweke sahihi, Msiri akamkatalia. Watu wa Léopold II wakafuata. Tarehe 20 Desemba 1891, baada ya mvutano juu ya bendera ya Léopold, kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri risasi. Bodson naye aliuawa. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo watu wanabishana kiko wapi.

Kuna tarehe nyingine ambayo haina sherehe. Tarehe 6 Oktoba 1891, miezi miwili na nusu mbele ya risasi ile, Dola Huru la Kongo lilitoa dekreti juu ya sheferi za wenyeji: shefu atakuwa yule ambaye Dola linamtambua. Karatasi ilikuwa tayari. Stairs akamkubali mtoto wa Msiri, Mukanda Bantu, akalie kiti cha baba yake, lakini kwa nchi iliyopunguzwa sana, na Basanga wakatolewa chini ya mkono wake.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ukoo huu ulipozaliwa mara ya pili. Mfikirie Mirambo, mtawala mwingine mkubwa wa Unyamwezi wa wakati ule ule. Alikufa 1884, na dola lake halikukaa muda mrefu nyuma yake. Ufalme wa Msiri ulikuwa dhaifu zaidi siku alipokufa, lakini kiti kilibaki, juu ya mrithi alikubali kufanya kazi na Dola. Watu wa Mukanda Bantu walipigana upande wa wanajeshi wa Dola dhidi ya Basanga. Shefu Msanga Mulowanyama na watu wake walizingirwa ndani ya pango, na wengi walifia humo. Familia za Basanga hazijasahau. Mtu akikuambia redioni kwamba Bayeke ni wageni, mara nyingine anaongea juu ya pango lile.

Baada ya Mukanda Bantu kufa mwaka 1910 alifuata Kitanika, kisha 1940 Musamfya, 1956 Antoine Munongo, na 1976 ndugu yake Godefroid. Huyu wa mwisho ndiye anayejulikana zaidi: alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960, na jina lake halitoki katika habari ya kifo cha Lumumba. Alikufa Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, wakati wa Konferansi Kuu ya Kitaifa. Mutazame vizuri: kiti kilitoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Damu inafungua mlango kwa watu wengi wa ukoo, haisemi nani kati yao aingie. Ni baraza la ukoo linalochagua, na Serkali inatambua.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Katiba, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inaeleza hali ya shefu wa kimila: anapatikana kwa desturi ya pale, kisha Serkali inamtambua. Kwa hiyo anayepiga simu na kusema "ule si wa damu" amefika nusu ya njia. Amuulize pia shefu huyo: baraza gani lilikuchagua, na karatasi yako iko wapi? Akishajibu, amuulize bajeti ya sheferi. Swali hili la mwisho ndilo sisikii kabisa hewani, na mimi ninaona ndilo lingesaidia mama anayechota maji mbali.

Kwa yule wa tatu, aliyeuliza mwenye udongo ni nani, jibu litawauma pande zote. Tangu sheria Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo na kilichomo chini yake ni mali ya Serkali. Si ya Bayeke, si ya Basanga. Kinachorudi kwa wenyeji kwa njia ya sheferi ni ile asilimia 15, na kumbukumbu za matumizi yake zinapaswa kuwa ofisini kwa shefu.