Uchambuzi: Ushauri wa mtandaoni wawapotosha wanaoanza kuchanganya sauti

Katika miji ya Maziwa Makuu, kuanzia Bujumbura hadi Goma, kijana mwenye kompyuta na maikrofoni moja anaweza leo kurekodi wimbo, mahubiri au kipindi cha mazungumzo akiwa chumbani kwake. Mara nyingi mwalimu wake wa kwanza wa kuchanganya sauti ni video ya mtandaoni. Zipo video zenye manufaa makubwa. Zipo pia nyingi zinazotoa kanuni bila kueleza zinafaa kwa kazi ipi, na hasara yake humfikia msikilizaji.

Namba moja kwa kila kazi

Mfano ulio wazi ni agizo kwamba kila rekodi ifikishwe hasi 14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kinachokadiria jinsi sikio la binadamu linavyousikia. Namba hiyo haikubuniwa hewani: ndiyo kiwango ambacho Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazishia nyimbo zinapochezwa. Lakini huo ni utaratibu wa mchezaji wa wimbo, wala si sharti kwa mtengenezaji. Kwa upande wa redio na televisheni, Umoja wa Watangazaji wa Ulaya ulipendekeza mwaka 2010 kiwango cha hasi 23. Anayetengeneza kipindi cha redio kwa namba ya Spotify atakuwa amezidisha desibeli 9 juu ya kiwango hicho. Namba zote mbili ni sahihi mahali pake. Kosa ni kuifanya mojawapo kuwa sheria ya kazi zote.

Ngoma bila uzito

Kanuni nyingine husema kila sauti, isipokuwa ngoma ya mguu na gitaa la besi, ikatwe chini ya mitetemo 100 kwa sekunde. Kwa mazungumzo, hatua hiyo hupunguza mvumo wa upepo na mngurumo wa magari. Hata hivyo, sauti nzito ya mwanamume huweza kuanzia karibu mitetemo 85, na uzito wa ngoma kubwa umo katika masafa hayohayo ya chini. Ngoma za Burundi, zilizoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, zikipitishwa katika kanuni hiyo hubakiwa na mlio wa fimbo huku mshindo wake ukififia. Mtoa ushauri alikuwa akifikiria bendi ya magitaa. Mwanafunzi wake ana ngoma mbele yake.

Sauti inayopotea redioni

Hatari zaidi ni mbinu ya kupanua sauti: mtu hunakili sauti ya mwimbaji, huichelewesha nakala kidogo sana, kisha huweka moja kushoto na nyingine kulia. Kwa spika za masikioni matokeo hupendeza. Redio yenye spika moja huzijumlisha nakala hizo, baadhi ya mawimbi hufutana, na sauti hutoka nyembamba kama ya mtu anayesemea ndani ya bomba. Nakala moja ikigeuzwa kinyume kabisa, kama baadhi ya video zinavyofundisha, mwimbaji hutoweka.

Kwa nini ushauri huo husambaa? Namba kamili hukumbukwa kwa urahisi kuliko jibu la "inategemea". Baadhi ya watoa ushauri pia hulipwa kamisheni kwa programu wanazozisifu. Isitoshe, sikio lenyewe hudanganyika. Utafiti wa Fletcher na Munson, uliochapishwa Marekani mwaka 1933, ulionyesha kuwa sauti ikiongezwa ukubwa, besi husikika zaidi. Basi mfano wa "baada" ukipaazwa kidogo tu kuliko wa "kabla", mtazamaji huamini kuwa programu imefanya muujiza.

Anayeanza hahitaji kuiacha intaneti. Anahitaji kuuliza ushauri ulitolewa kwa kazi gani, kulinganisha rekodi mbili zikiwa na ukubwa uleule, kuweka kando ya kazi yake rekodi nzuri ya aina hiyohiyo, na kuisikiliza kwenye redio ndogo au spika ya simu kabla ya kuitoa. Fundi wa studio iliyo karibu, anayejua hadhira ya hapo, naye anaweza kumwokolea miezi ya kubahatisha.

Suala hili linawagusa hasa wasikilizaji wa lugha za wachache, Kiswahili kikiwa miongoni mwake katika baadhi ya nchi za ukanda huu. Huenda mtu akasubiri siku nzima kipindi kimoja cha lugha yake. Maneno ya kipindi hicho yasiposikika katika redio aliyonayo, hana kingine cha kufungulia.