Kabla ya Kununua Mche, Tazama Chombo Chake



Mvua za Novemba, mwaka juzi, ziliuangusha mparachichi wetu hapa Carama. Ulikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza umeanza kuzaa, na kivulini mwake ndipo watoto walipokuwa wakikaa kudurusu. Alhamdulillah, ulianguka usiku. Asubuhi tulipokwenda kuukata tukaona ajabu: mizizi mikubwa ilikuwa imejiviringisha kama kamba, duara lenye upana ule ule wa sashe nyeusi tulimonunulia mche. Sashe tuliitupa zamani, lakini mizizi haikuwahi kutoka ndani yake.

Kosa lilikuwa letu. Kitaluni tulichagua mche mrefu kuliko wenzake, tukidhani urefu ndio afya. Kumbe mche mrefu katika sashe ndogo mara nyingi ni mche uliokaa humo kupita kiasi. Mzizi ukifika kwenye ukuta laini wa duara huufuata, ukazunguka na kuzunguka, na miaka ikipita mizizi hiyo hunenepa na kujikaba yenyewe. Juu mti unapendeza. Chini hauna pa kushikilia.

Naam, wengi wetu tunapochagua chombo cha kupandia tunatazama rangi. Tunanunua chungu cha kupamba mlangoni, hakina hata tundu moja, kisha tunashangaa mche kuwa wa manjano. Mizizi nayo inapumua. Maji yasipopata njia hujaza nafasi za hewa katika udongo na mizizi ikaoza, na mparachichi ni katika miti isiyostahimili hali hiyo hata kidogo. Wako wanaotuambia tutie kokoto chini. La, kokoto hazichukui nafasi ya tundu. Maji hubaki katika udongo ulio juu yake. Toboa chungu, au kifanye cha kuwekea mwavuli.

Sisi tunapendelea chungu cha udongo wa kuchoma. Kuta zake hupitisha hewa na unyevu, na kwa joto hili letu la Imbo hilo si jambo dogo, ingawa ni lazima umwagilie mara nyingi zaidi. Na hapa Burundi hatuhitaji kuagiza mbali: ndugu zetu Watwa wamefinyanga vyungu tangu zamani, na biashara yao ilidhoofishwa na hizi ndoo za plastiki na sufuria za bati. Ukiagiza, mwombe mfinyanzi aweke matundu matatu au manne kabla hajachoma. Kutoboa baadaye ni kutafuta nyufa.

Asiye na pesa asikate tamaa. Bidoni ya mafuta ya lita 20 iliyokatwa juu, ikatobolewa chini na pembeni, inatosha nyanya vizuri. Mzizi ukifika kwenye tundu la pembeni hukutana na hewa, ncha yake hukauka, na nyuma yake huchipuka mizizi mingine mingi badala ya kuzunguka. Lengalenga huridhika na kina cha sentimita 20 hivi. Mkebe wa bati au ndoo nyeusi usiviache kwenye jua la saa nane mchana, kwani mizizi ya upande ule huungua. Wala usimpe mche mdogo chombo kikubwa mno, udongo utabaki na maji usioweza kuyanywa. Mwongezee vidole viwili vitatu kila unapomhamisha.

Tangu mwaka 2018 ilipoanzishwa kampeni ya Ewe Burundi Urambaye, tumezoea kusikia miche mingapi imepandwa. Ni kazi njema. Ila tungependa wanafunzi wetu wanapopelekwa kupanda wafundishwe pia kuichungulia mizizi, maana mche uliojikaba huhesabiwa sawa na mwenzake siku ya kupanda. Mwaka huo huo wa 2018 ndipo ilipotoka amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki nchini, ikatoa muda wa miezi 18. Basi tujiulize, kwa nini mche wa nyumbani usioteshwe katika maganda ya mgomba yaliyokunjwa na kufungwa? Unauzika na ganda lake, linaoza, mizizi inapita.

Na kama mche umeshaununua katika sashe, ichane yote uitoe. Ukiona mizizi inazunguka, chukua kisu kikali, ipasue kutoka juu hadi chini pande tatu au nne, na ukate ile iliyojikunja chini. Mama wa nyumba yetu alisita mara ya kwanza, akasema tunaua mche. Mparachichi tuliopanda mahali pa ule ulioanguka ulikatwa hivyo hivyo. Ulisimama wiki tatu bila jani jipya, kisha ukatoa mawili.