Pikipiki za safari ndefu: Daraja lipi linarudisha fedha?

Mnunuzi wa pikipiki kubwa ya safari ndefu kwa kawaida huingia dukani akijua jina analolitaka. Kinachomchanganya ni madaraja. Chombo ni kimoja, injini ni moja, lakini bei ni tatu au nne, na muuzaji daima ana sababu ya kumpandisha mteja daraja moja zaidi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Mfano ulio wazi ni Honda Gold Wing katika soko la Marekani. Muundo mpya wa mwaka 2018 ulipoingia sokoni, bei za kuanzia, kabla ya kodi na usajili, zilikuwa hivi:

Gold Wing ya kawaida: dola 23,500
Gold Wing Tour: dola 26,700
Tour ya gia zinazojibadilisha zenyewe: dola 27,700
Tour ya gia hizo pamoja na mfuko wa hewa: dola 31,500

Injini ya zote ni ile ile ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita 1,833. Kwa hiyo tofauti ya dola 8,000 kati ya daraja la chini na la juu hainunui nguvu hata kidogo. Swali la mfanyabiashara makini ni inanunua nini, na kipi kati ya hivyo hakiwezi kupatikana baadaye.

Hatua ya kwanza ni ya dola 3,200. Inaleta sanduku la nyuma lenye egemeo la abiria, kioo cha mbele kirefu zaidi, springi zinazorekebishwa kwa umeme, na kwa pikipiki ya gia za mguu, rivasi ya umeme. Sanduku na kioo ni vitu ambavyo fundi anaweza kuvifunga siku yoyote. Springi za umeme na rivasi ni kazi ya kiwandani. Aidha, Tour ina uzito wa karibu kilo 380. Anayeegesha kwenye mteremko akiwa na abiria na mizigo hataiita rivasi anasa.

Hatua ya pili, ya dola 1,000, ndiyo rahisi kuliko zote. Inanunua sanduku la gia 7 la klachi mbili, ambalo hakuna gereji itakayolibadilisha baadaye kwa bei ya maana. Anayependa kukanyaga gia mwenyewe aiache. Anayesitasita ailipie sasa.

Hatua ya tatu, ya dola 3,800, ndiyo nzito. Honda ilikuwa ya kwanza kuuza pikipiki yenye mfuko wa hewa, katika Gold Wing ya mwaka 2006. Mfuko huo umekusudiwa ajali za kugongana uso kwa uso. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, kwa kuuliza utaongeza kiasi gani siku ya kuuza. Mfuko wa hewa haustahili kupimwa kwa bei ya mtumba. Ni gharama ya usalama, kama bima, na mwenye familia inayomtegemea aipime hivyo. Asiyeimudu asikope kwa ajili yake huku breki, matairi na mavazi ya kujikinga vikisubiri.

Mkopo nao huongeza uchungu. Chukua mkopo wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Zile dola 3,200 za hatua ya kwanza zinakuwa karibu dola 3,890, na tofauti nzima ya dola 8,000 inazidi dola 9,700. Kodi ya mauzo nayo hupanda pamoja na bei. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa anayenunua mtumba, mwaka wa kutengenezwa unaweza kuwa na uzito kuliko daraja. Sanduku la nyuma la Tour ya mwaka 2018 lilikuwa na lita 50, na wateja walilalamika kuwa ni dogo. Mwaka 2021 Honda ililipanua hadi lita 61, likaweza kubeba kofia mbili kubwa za kufunika uso. Kwa msafiri wa watu wawili, kungoja muundo uliorekebishwa kulikuwa na faida kuliko kupanda daraja.

Kanuni basi ni moja: mlipe mtengenezaji kwa kile ambacho fundi hawezi kukiongeza, na kile kinachofungwa kwa bolti kisubiri mpaka haja ionekane. Anayesafiri peke yake, kwa mizigo michache, anatoshelezwa na Gold Wing ya kawaida, na dola 3,200 zibaki mfukoni kwa mafuta na matengenezo. Anayebeba abiria mara kwa mara anunue Tour bila kujuta. Anayenunua kwa ajili ya kukodisha afikirie kwanza abiria wa nyuma, kwani wanandoa wakishuka na mgongo unaouma hawatarudi.

Kinachofaa kuogopwa ni daraja lililochaguliwa na muuzaji. Mteja aingie dukani na orodha yake mkononi, aipitie hatua kwa hatua, na mahali ambapo hana jibu la matumizi, asimame hapo hapo.