NAMBA YANGU YA SIMU SI CHENJI YAKO

Majaribio ya katikati ya semista yamepita, bumu limeingia, na bumu likiingia kila mwenye duka kuanzia Mwenge mpaka Ubungo anajua. Leo sina stori za lekcha wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira, tena hasira niliyoikalia kwenye kimbweta wiki nzima.

Hivi jamani, ni lini kununua sabuni kuligeuka kuwa usaili?

Unaingia dukani, unachukua sabuni, daftari na pakiti ya maziwa. Ukifika kaunta keshia anakuuliza jina, namba ya simu, duka jingine wanataka na tarehe ya kuzaliwa. Eti "ni kwa ajili ya mfumo". Mfumo gani huo usioweza kuuza maziwa mpaka ujue nimezaliwa lini? Ukitoka hapo, jioni simu inaanza kulia: ofa ya viwanja, ofa ya mikopo, umeshinda gari. Hujawahi kucheza bahati nasibu maishani mwako, lakini umeshinda gari!

Kuna mambo mawili hapa, hela za juu juu na maswali ya juu juu, ila mzizi wake ni mmoja. Vyote viwili vinategemea uone aibu kuuliza mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yako.

Tuanze na hela. Ya kwanza ni hii ya "weka na ya kutolea". Umekula chipsi za elfu tano, unataka kulipa kwa simu, muuzaji anakupa namba yake binafsi na kukwambia uongeze hela ya kutolea. Lipa namba ipo ukutani, lakini siku hiyo "inasumbua". Mimi naelewa kumwongezea ya kutolea mama kijijini, maana yule namtumia msaada. Huyu namlipa deni. Akitaka kuigeuza kuwa noti kwa wakala, hiyo ni gharama ya biashara yake, kama alivyonunua mkaa na mafuta. Mbona hatuambii tuchangie mkaa?

Ya pili ni mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala inauzwa, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale mfuko unapoingizwa kwenye hesabu kimya kimya, na wewe begi lako liko mgongoni. Ya tatu ni chenji ya pipi. Nikidaiwa mia nalipa mia. Nikidai mia napewa pipi mbili. Siku nikienda kulipa kwa pipi, nitapokelewa?

Ya nne ni bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Mashine za EFD zilianza mwaka 2010 na mpaka leo bado mtu anakuuliza Kariakoo kama unataka risiti, kana kwamba ni pilipili. TRA wanasema kila siku: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mbali na kodi, ile karatasi ndiyo shahidi wako pekee. Bila risiti huwezi kuthibitisha kwamba ulitozwa mfuko usioutaka, wala huwezi kurudisha kitu kibovu.

Ya tano ndiyo mbaya zaidi kwa sababu huioni kabisa: huduma za meseji. Mara za mapenzi, mara za mpira, mara wimbo wa kumpigia anayekupigia. Salio linapungua shilingi mia kwa siku, unadhani vocha imekwisha kwa maongezi. Haya, tufanye hesabu ya darasa la nne: mia kwa siku ni 36,500 kwa mwaka. Kwa sisi tunaopewa elfu kumi kwa siku ya chakula na malazi, hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu za kula. Kuna mtu anakula siku tatu zako na humjui hata sura.

Sasa tuje kwenye taarifa, maana hela hurudi, taarifa hairudi.

Dada mmoja tunayesoma naye alikwenda kumsalimia shangazi yake kwenye jengo moja mjini (jina nalihifadhi). Getini kuna kitabu cha wageni: jina, namba ya simu, unatoka wapi, unamwona nani, sahihi. Kitabu kiko wazi mezani, kila anayeingia anasoma aliyetangulia. Usiku ule ule akaanza kupokea meseji kutoka kwa mtu aliyejua jina lake, chuo anachosoma na nguo aliyovaa. Zikaendelea wiki tatu mpaka akabadilisha laini. Wenye jengo wanasema kile kitabu ni cha usalama. Usalama wa nani?

Tazama pia wasajili laini wa pembeni ya barabara, wenye mwamvuli na fulana ya bure. Umeweka kidole, anasema "haijasoma, weka tena". Umeweka, "rudia mara ya mwisho". Katika michezo ya namna hiyo ndipo laini ya pili husajiliwa kwa jina lako na kuuzwa kwa mtu usiyemjua. Tangu usajili wa alama za vidole uwe lazima, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, laini ni sawa na kitambulisho chako. Yule anayetuma "ile hela tuma kwenye namba hii" anaweza kuwa anatumia jina lako wewe. Polisi wakifuatilia, hawataanza na yeye.

Na mikopo ya kwenye simu? Unapakua programu, inaomba iruhusiwe kusoma namba zote ulizohifadhi. Siku ukichelewa kulipa, meseji zinakwenda kwa baba, kwa mchungaji, kwa kiongozi wa darasa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Sitini na tisa! Bumu likichelewa, humu mabwenini ndiko wanakovua samaki.

Majirani zetu nao yamewakuta. Mwaka 2023 Nairobi, watu walipanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi elfu saba za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Nenosiri likivuja unabadilisha. Jicho utabadilisha kwa fundi gani?

Najua kuna mdau hapo anasema, "Mbona unalalamika sana, ni mia tano tu," na mwingine, "Kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Nawajibu. Wa kwanza: mia tano yako ni moja, lakini anayeichukua anaichukua kwa wateja mia mbili kwa siku, na hiyo ni laki moja. Yeye haiiti "tu". Wa pili: bafuni huwa unafunga mlango. Unaficha nini?

Tena hili si suala la hisani. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Juu yake tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Kwa Kiswahili cha kimbweta inasema hivi: anayekuomba taarifa akwambie anazitakia nini, achukue zinazohitajika tu kwa kazi hiyo, asizitumie kwa jambo jingine, na ukikataa kutumiwa matangazo ya biashara akome. Ukiumia unaweza kulalamika Tume na kudai fidia. Sisi tunaojiita wasomi tunakariri sheria za Waroma kwa ajili ya mtihani, hii inayotuhusu kila siku hatuifungui.

Mimi simlaumu keshia. Yule dada kapewa skrini yenye visanduku na kaambiwa avijaze, mshahara wake hautoshi kugombana nami. Kwa hiyo usimfokee. Mwulize kwa upole maneno matatu: "Ni lazima, dada?" Mara nyingi atajibu si lazima, na foleni itasonga. Akisema ni lazima, mwambie akuitie msimamizi.

Mengine ninayofanya mimi, yachukue ukipenda:

Uliza jumla kabla ya kutoa hela, kisha soma risiti ukiwa bado kaunta, si ukiwa kwenye daladala.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waifute. Na meseji za matapeli zitume 15040.

Salio likipungua bila sababu, wapigie huduma kwa wateja uwaulize umeunganishwa na huduma gani, wakutoe zote.

Usitoe nakala ya kitambulisho bila kuandika juu yake tarehe na kazi iliyoombewa. Kidole usikiweke barabarani, nenda ofisini kwao.

Programu ya mkopo ikitaka namba za simu za ndugu zako, ifute. Hiyo inatafuta rehani, na rehani yenyewe ni mama yako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile aibu ya sekunde tano pale kaunta. Wenzetu wameshaipigia hesabu na wanaifanyia biashara, sisi tunaiita ustaarabu.

Naomba kuwasilisha. Wenye ya kwenu ya "ya kutolea" yamwageni hapa chini. Tuko pamoja.