Lita Arobaini: Barua kwa Bosi wa Yadi ya Nesitu

Kwako Bosi, na kwa madereva, matanboi, mzee wa geti na Mama Chai wetu chini ya mwembe,

Nawaandikia kutoka Omaha, Nebraska. Asubuhi yenu saa mbili ni usiku wangu wa manane, kwa hiyo sauti zenu za WhatsApp huniamsha nikiwa ndani ya blanketi mbili. Nimesikia mmenunua kufuli mpya za matangi, mkapachika na kamera juu ya geti, na dizeli bado inapungua. Bosi, mimi sikushangaa. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nitubu.

Wewe ulikuja baada yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari la mafuta. Desemba 2015 serikali ya Sudan Kusini iliiachia pauni ijipangie bei yenyewe, na kwa siku moja dola ikatoka pauni 2.95 za bei rasmi hadi 18.5. Mtaani ilikuwa imeshapanda zamani, hilo kila muuza sukari wa Juba alilijua. Ila sisi tulikuwa tunalipwa pauni, na mizigo iliyobebwa na malori yetu ililipiwa dola. Bosi wa wakati ule hakutuita. Alituma karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi: posho ya safari imepunguzwa. Mistari mitatu na muhuri.

Wiki ile ile akarudi dereva mmoja wa Mombasa kutoka mpakani Nimule. Mtu wa swala tano, ukisahau pesa mezani anakukimbilia nazo. Tangi lake lilikuwa limepungua lita 40 kuliko safari ile inavyokula. Akaniomba niandike kuwa zimeungua njiani, injini ikinguruma kwenye foleni. Nikaandika. Hakunipa hata senti, wala mimi sikudai, na hapo ndipo paliponisumbua miaka yote. Nani huiba bila faida ya kugawana? Sote wawili tuliona tunarudisha kilicho chetu.

Jibu nilikuja kulipata huku. Omaha ni mji wa nyama, na Wasudani Kusini wengi wamepitia viwanda vyake. Mimi pia nimesimama na kisu kwenye baridi ya kiwanda mpaka vidole vikasahau kuwa ni vyangu. Nikaanza darasa la jioni, saikolojia ya watu kazini. Usiku mmoja mwalimu akatusomesha utafiti wa Jerald Greenberg uliochapishwa mwaka 1990. Kampuni moja huku Marekani ilipoteza kandarasi, ikakata mishahara kwa asilimia 15 katika viwanda vyake viwili, kwa wiki 10. Kiwanda cha tatu hakikuguswa. Katika kimojawapo cha vile viwili, mkuu wa kampuni alikaa na wafanyakazi saa moja na nusu hivi, akawaonyesha hesabu, akawajibu maswali, akawaambia wazi kuwa linamuuma. Katika kingine walipewa taarifa kwa dakika 15 na kurudishwa kazini. Makato yalikuwa yale yale. Wizi wa vifaa ukapanda kote kuwili, ila pale pasipoelezwa ukapanda zaidi sana. Mishahara iliporudishwa, wizi nao ukashuka.

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa naiona ile karatasi ya mlangoni.

Bosi, wewe unaijua mizani ya Mariakani: lori halibishani nayo. Kila mfanyakazi anatembea na mizani kama hiyo kifuani, upande huu jasho lake, upande ule anacholipwa. Ukipunguza upande mmoja kimyakimya, atausawazisha mwenyewe kwa alichonacho karibu, na dereva alichonacho karibu ni tangi. Kufuli haipimi kitu kwenye mizani hiyo. Inamwambia tu kuwa umeshamhesabu mwizi, na aliyekwisha kuhesabiwa hana jina la kulinda.

Sisemi maneno yanajaza sufuria. Hata kiwanda kilichoelezwa vizuri kiliibiwa zaidi kidogo kuliko kabla. Na usije ukawakusanya watu kuwadanganya kwa upole. Madereva wanajua nauli ya kontena la Mombasa hadi Juba kuliko mhasibu wako.

Kuna pia jambo la kungoja. Lori linafika Nesitu, karatasi hazijakamilika, dereva analala chini ya trela siku tatu na hakuna anayemwambia lolote. Mwaka 1985 David Maister aliandika kuhusu saikolojia ya foleni: kungoja usikojua mwisho wake huwa kurefu kuliko kungoja ulikoambiwa siku, na kungoja bila kuelezwa sababu huwa kurefu kuliko kulikoelezwa. Mama Chai alilijua hilo bila darasa. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na birika akisema, “Muhuri unatoka kesho mchana, leo lala.” Watu walilala. Mpe mshahara huyo mama.

Na yule askari anayewazuia kwa kamba barabarani akidai pesa, mnayemtukana, mkumbukeni kuwa mwaka 2024 watumishi wa serikali walikaa miezi na miezi bila mshahara. Naye ana mizani yake. Bunduki aliyonayo ni habari nyingine.

Sasa nyinyi madereva, msichekelee. Mwisho wa mwezi ule hesabu ilipokataa kukaa sawa, hakuguswa dereva wa Mombasa wala mimi. Alikatwa mshahara mzima tanboi, kijana wa watu, kwa sababu yeye ndiye aliyelala na lori. Alikuja kwenye dirisha langu akauliza, “Kaka, daftari linasemaje?” Nikamwambia linasema hivyo hivyo. Sisi tulisawazisha mizani yetu kwa jasho lake, na hakuna aliyemweleza kitu, hata kwa dakika 15.

Bosi, kabla hujanunua kufuli nyingine, geuza jerikeni uikalie chini ya ule mwembe. Waambie nauli imeshuka kiasi gani, umelipa nini kuanzia mpakani Elegu, umebaki na nini. Waache waulize mpaka chai iishe.

Vita vilipolipuka Juba Julai 2016 tulitawanyika na begi moja moja. Daftari la ofisi lilibaki. Lakini nilikuwa na la pili, dogo, nililoandika lita za kweli, sijui kwa nini, labda ili nami nisijisahau. Bado ninalo. Ukiitisha kikao hicho, mtafute tanboi yule kwanza, akae mbele, kisha nipigie. Nitaamka hata kama ni saa tisa ya usiku, niwasomee ukurasa baada ya ukurasa.

Wenu wa zamani wa daftari la mafuta,
Omaha