Fundi Mitambo Hana Jina?



Kwa muda mrefu nimelizuia neno hili kinywani, nikidhani kwamba wenzangu waliosoma zaidi ya stashahada yangu ya ualimu watalisema. Hawakulisema. Basi nalisema mimi, na atakayeudhika na aandike jibu lake katika kurasa hizi hizi.

Miaka kadhaa iliyopita walifika shuleni kwetu, hapa Bujumbura, watu wa televisheni kuja kurekodi mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Kituo chao sitakitaja. Walikuwa watu saba katika gari moja. Mtangazaji alikuwa mmoja tu. Alishuka wa mwisho, akaondoka wa kwanza. Wale sita walibaki tangu asubuhi hata magharibi. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wangu wa zamani, kijana wa Buyenzi, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuinua mti mrefu wenye maikrofoni nchani, juu ya vichwa vya waigizaji, pasipo mti wala kivuli chake kuonekana katika picha. Jaribu, ndugu msomaji, kuinua mpini wa jembe juu ya kichwa chako kwa dakika kumi, kisha uniambie kama hiyo ni kazi ya mtu asiye na ujuzi.

Kipindi kilipoonyeshwa, kijana yule alimketisha mama yake mbele ya televisheni ya jirani ili amwonyeshe jina lake. Mchezo ukaisha, majina yakaanza kupanda. Likatokea la mtangazaji. Likafuata la mkuu wa shule, ambaye kwa heshima zote hakufanya lolote siku ile ila kutufungulia lango. Kisha likaingia tangazo la sabuni. Mama akamgeukia mwanawe akamwuliza: "Na wewe ulifanya nini huko?" Kijana akajibu: "Nilikuwa fundi mitambo, mama."

Jibu hilo ndilo lililonichoma kuliko kukatwa kwa majina. Wenye vituo wana tamaa ya matangazo, na tamaa ni ugonjwa wa kale. Lakini kijana aliyesoma Kiswahili kwangu miaka minne hakuwa na neno la kumweleza mama yake kazi aliyoifanya kwa mikono yake miwili. Kosa hilo ni la nani kama si letu?

"Fundi mitambo" ni neno tulilolirithi katika redio. Sote tulikua tukimsikia mtangazaji akituaga kwa jina lake na la fundi mitambo wake, na katika redio ya zamani neno hilo lilitosha, maana nyuma ya kioo aliketi mtu mmoja na vifungo vyake. Redio ya taifa letu ilianza mwaka 1960. Televisheni ilipokuja mwaka 1984, kazi ziliongezeka mara kumi, nasi tukaendelea kuzitia zote katika gunia lile lile.

Hebu tulifungue gunia hilo. Habari za jioni zinaposomwa, katika chumba cha uongozi huketi mwongozaji mbele ya safu ya vioo, kila kimoja kikionyesha picha ya kamera moja. Yeye huagiza, mwingine kando yake hubadili picha kwa kidole, wa tatu husikiliza sauti na kuipandisha au kuishusha. Chini ya taa, karibu na kamera, husimama mtu mwenye visikizio masikioni, akimhesabia mtangazaji kwa vidole: tano, nne, tatu. Kimya chake ndicho kinachomwambia msomaji wa habari aanze kusema. Mtu huyo akikosea kidole kimoja, taifa zima humwona mtangazaji akijikuna pua.

Ama fundi sauti, huyo nina mapenzi naye ya pekee, nami nakiri upendeleo huo. Siku ile shuleni, mvua ilinyesha juu ya mabati, naye akasimamisha kazi. Watu wote walinung'unika. Alingoja hadi tone la mwisho. Kisha, mchezo ulipomalizika, akawaomba wote wanyamaze kwa nusu dakika, akarekodi kimya. Wanafunzi walicheka! Baadaye akanieleza kwamba kila chumba kina kimya chake, na mhariri anapokata neno na kuunga jingine, pengo la katikati lazima lizibwe kwa kimya cha chumba kile kile. La sivyo sikio hugutuka. Nimefundisha ushairi miaka ishirini, nikazungumza sana juu ya vituo na mizani, wala sikuwahi kusikia mtu akikiheshimu kituo kiasi hicho.

Alikuwapo pia mwanamke mwenye daftari. Kazi yake ilikuwa kukumbuka: kikombe kilikuwa katika mkono upi, chai ilifika wapi, kilemba kilielekea upande gani. Picha hazichukuliwi kwa mfuatano wa hadithi. Mwisho waweza kurekodiwa asubuhi na mwanzo jioni. Pasipo yeye, mwigizaji angeingia nyumbani na shati jeupe akatoka na la kijani. Na mwenye taa alikuwapo, ambaye kwanza alimwekea mpiga picha karatasi nyeupe mbele ya kamera, kwa sababu weupe wa jua la nje si weupe wa taa ya ndani, na kamera haijui tofauti hiyo mpaka ionyeshwe. Je, hawa wote ni "fundi mitambo"?

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye Kifaransa chake ni safi kuliko changu, aliniambia nisijisumbue. Kazi hizi, alisema, zina majina yake ya Kifaransa, na vijana wetu husema kadrere na montere na realizatere kama wasemavyo shofere, Kiswahili kimeshachelewa. Sikatai mkopo. Kamera ni kamera, studio ni studio, na anayetaka kutuundia neno la Kiarabu kwa maikrofoni na atuache. Nilimkumbusha tu mwenzangu kwamba lugha hii ilipokuwa na jahazi ilimjua nahodha, ikamjua rubani, ikamjua serehangi, ikamjua baharia, na hakuna mtu wa pwani aliyewaita wote "fundi matanga". Lugha yenye mazoea hayo haiwezi kuambiwa kwamba haiwezi kugawa kazi.

Tena yako madhara ambayo mwenzangu hakuyatazama. Nairobi ilipata televisheni mwaka 1962, Kampala mwaka 1963, na zote mbili zilifuata utaratibu wa Waingereza, ambao mtayarishaji ndiye mwenye dhamana ya kipindi chote na mara nyingi katika vipindi vidogo huwaongoza wapiga picha yeye mwenyewe. Sisi tulirithi utaratibu wa Kifaransa, unaomtenga mwenye kusimamia fedha na yule mwenye kuamua kila picha. Kwa hiyo kijana wetu akienda kutafuta kazi Dar es Salaam, akaulizwa kama amewahi kuwa mtayarishaji, atajibu la, ingawa ameifanya kazi hiyo miaka mitano chini ya jina la realizatere. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, tukashangilia kwamba mipaka imefunguka. Kwa mtu huyu mpaka umo katika neno moja, na hakuna askari wa forodha wa kumlaumu.

Wenzetu wa Kenya waliyatambua mapema mambo haya, angalau kwa upande wa ufundi. Chuo chao cha mawasiliano pale Nairobi kilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuwafunza mafundi wa shirika la utangazaji, kabla ya televisheni yao yenyewe kuanza. Zanzibar ilipoanza televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi, Tanzania Bara haikuwa nayo hata miaka ya tisini. Unguja wana miaka hamsini na zaidi ya kuzitaja kazi hizi kwa Kiswahili. Ni mwalimu gani kati yetu aliyewaandikia kuwauliza?

Nasi darasani twafanya nini? Twafundisha tamthilia: wahusika, dhamira, mandhari, migogoro. Mwanafunzi wangu aweza kukuambia kwamba filamu ndefu ya kwanza ya nchi yetu ni "Gito l'ingrat" ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Léonce Ngabo, na hilo ni jambo jema. Mwulize nani aliyeunga picha zake, atakutazama kama uliyemwuliza jina la punda aliyebeba saruji ya kujengea msikiti. Hata msiba haukutufundisha. Mwezi Mei mwaka 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya binafsi vya mji huu vilishambuliwa, na Télé Renaissance ikaharibiwa. Tuliwalilia waandishi waliokimbilia ng'ambo ya mpaka, na machozi hayo yalikuwa ya haki. Lakini kituo hakina waandishi peke yao. Mwenye taa aliyepoteza taa zake tulimlilia kwa jina gani?

Muhula huu nimeanza mwenyewe. Niliandika ubaoni: mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, fundi sauti, fundi taa, mhariri wa picha, mshika maikrofoni. Kwa yule mwanamke wa daftari niliandika "mtunza mfuatano", nalo halijaniridhisha. Nilipofika kwa yule anayehesabu kwa vidole chini ya taa, chaki ilisimama. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema: "Mwalimu, si huyo ndiye serehangi?" Darasa likacheka, nami nikaliandika. Bado liko ubaoni. Mwenye neno bora na alilete kabla ya toleo lijalo.