Wi-Fi ya bure bila kanuni haitatufaa

Chukulia uko Kangari, siku ya soko, na Wi-Fi ya bure imefika. Mmoja anapakua filamu tatu kwa mpigo. Wewe una kazi ya mteja ya kutuma kabla ya saa kumi, na mtandao umekwama. Kesho utafanya nini? Utawahi asubuhi upakue hata usichohitaji. Wote wakifanya hivyo, kwisha!

Hapo hakuna mkosa adabu. Kila mtu amefanya lililo bora kwake, na wote wameumia. Tawi la hesabu linaloitwa nadharia ya michezo huchunguza mitego kama hii.

Wanaogawana kompyuta nyingi zilizounganishwa wanaijua shida hii. Ukimuuliza mtumiaji anataka kiasi gani, atatia chumvi. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kanuni rahisi: tazama kitu ambacho kila mtu anakitumia zaidi, kisha sawazisha mafungu hayo. Tuseme kuna prosesa 9 na kumbukumbu ya GB 18. Kila kazi ya kijana wa takwimu inakula prosesa 1 na GB 4. Ya mhariri wa video, prosesa 3 na GB 1. Wa kwanza atapewa nafasi ya kazi 3, wa pili kazi 2. Mmoja ana thuluthi mbili za kumbukumbu, mwenzake thuluthi mbili za prosesa. Uzuri wake ni kwamba ukidanganya kuhusu mahitaji yako, hufaidi.

Wazee wetu hawashangai. Upande wa Nanyuki, mito ikipungua, vyama vya watumiaji maji hupanga zamu za mifereji. Hawaachii dhamiri ya mtu.

Serikali iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi. Ni hatua nzuri. Lakini inafaa kila kituo kibandike ukutani kanuni zake: kiasi cha kila mtu saa za msongamano, zamu za kompyuta, na uhuru wa kutumia kinachobaki watu wakipungua. Nasi vijana tuwe mezani kanuni hizo zikiandikwa, si kulalamika baadaye.

La sivyo, mtandao wa bure utakuwa wa aliyefika kwanza, na mwenye kazi ya kumlipa karo atarudi kununua bando.